Ng'ombe Aliyekataa Kula

Mpendwa Baba Njoki,

Sukari amekufa. Naanza na hilo kwa sababu najua kama ungekuwa hai ungeniuliza habari zake kabla ya kuniuliza zangu. Usikatae. Uliponioa kutoka Ruiru, nikaacha kuchuma kahawa nije kukaa nawe huku kwenye mashamba ya makonge ya Thika, kitu cha kwanza ulichonionyesha hakikuwa nyumba. Ulinipeleka zizini.

"Huyu ni Sukari, anavuta kulia. Huyu ni Majani, anavuta kushoto. Ukiwabadilisha, hakuna kazi siku hiyo."

Nikakuuliza mimi nitavuta upande gani. Ulisema, "Wewe utapanda juu." Na kweli ulinipandisha mkokotenini, juu ya mzigo wa makonge, ukaimba njia nzima hadi kiwandani, nyapara akitukazia macho. Nilichomwa na miiba kila mahali na nilikuwa na furaha.

Askari wa serikali walipokuchukua wakati huu wa Hali ya Hatari, ng'ombe wako walipewa Mwangi, mwendesha mkokoteni mwenzako, awaendeshe. Mimi na Njoki tulibaki katika chumba chetu kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Nilikungoja. Kisha karani mmoja akanisimamisha njiani, hata hakuvua kofia, akaniambia umefia kizuizini.

"Alikataa chakula mwenyewe," alisema. "Ni kama alijiua."

Mzee wa kanisa aliposikia hivyo, alisema hawezi kufanya ibada kwa mtu aliyejitoa uhai. Basi hukuombewa. Wala mimi sikulia, Baba Njoki. Nilikukasirikia. Niliona umetuchoka, ukachagua njia yako ukatuacha na yetu. Majirani waliogopa kuingia kwangu, isipokuwa Nekesa, mama wa kutoka magharibi anayekaa chumba cha pili. Yeye huja hata kama hana la kusema.

Halafu Majani akavunjika mguu, akachinjwa. Haukupita muda Sukari naye akaacha kula. Hakuna aliyeshangaa. Ng'ombe waliofungwa nira moja tangu ujana, mmoja akienda, wa pili husononeka. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

"Hii ng'ombe inajiua," Mwangi aliwaambia watu. "Imeamua kufuata mwenzake."

"Mnyama hawezi kujiua," mzee wa kanisa akajibu. "Hana akili ya dhambi."

"Sasa hii inafanya nini?"

Wakabishana hapo zizini kama watu wasio na kazi. Wanawake walikuja kumtazama wakafuta machozi, na hata huyo mzee wa kanisa alimpapasa shingo. Mimi nilisimama pembeni, roho ikiniuma. Ng'ombe akikataa kula walisema ni upendo. Wewe ulipokataa, ilikuwa dhambi.

Jioni, wengine wakishaondoka, nilikuwa nikimpelekea majani mabichi. Alikuwa anayachukua mdomoni, halafu anayaachia yaanguke. Mate yalimtiririka hadi chini, nami nikafikiri ndivyo huzuni inavyomfanya ng'ombe. Nilimgombeza kabisa. Nilimwambia, "Na wewe pia? Na wewe umetuchoka?" Sikuwa nikisema naye peke yake.

Alikufa Ijumaa. Watu wakamchuna, na Nekesa akapewa kichwa akisafishe. Nikamsikia akiita.

"Mama Njoki! Kuja uone hii kitu!"

Ilikuwa ncha ya konge, ule mwiba mweusi mgumu wa kwenye kilele cha jani, umezama chini ya ulimi. Ulimi wote ulikuwa umevimba na kuoza.

"Haikukataa," Nekesa alisema polepole. "Ilikuwa inataka. Mdomo ndio ulishindwa."

Baba Njoki, hapa tumejaa watu waliochunga ng'ombe tangu utoto. Hakuna aliyemfungua mdomo. Hata mimi, niliyemwona akiangusha yale majani kila jioni. Tulijua habari za ng'ombe wa nira moja, zikatutosha.

Nilikaa chini kando ya kile kichwa nikakulilia, mara ya kwanza. Nekesa hakuuliza ni nani ninayemlilia.

Sijui kama mnyama anaweza kuamua kufa. Labda yupo anayeweza. Wala sijui wewe uliamua nini kule, na siwezi kujidanganya kwamba mwiba wa Sukari umenijibu. Lakini leo ni Jumapili, wenzangu wako kanisani, nami niko hapa mlangoni nikikuona akilini kule kizuizini, mbele ya sahani yako. Natazama taya lako, koo lako, mikono yako, nikijiuliza walikuwa wamekufanya nini. Nyumba ni kubwa mno kwa watu wawili, ingawa ni chumba kimoja. Njoki ameanza kutembea na hana wa kumwonyesha.

Pumzika, mume wangu. Hasira yangu nimeiweka chini. Kimebaki kitu kimoja kinachoninyima usingizi: wote walioniambia ulikataa kula, hakuna hata mmoja aliyeniambia kama ulikuwa na njaa.

Ni mimi, mkeo,
Mama Njoki