Mfungwa Aliyekataa Kutoka Melini

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mackay, Queensland

Jina: Dane Micallef
Umri: Miaka 19
Kazi: Kuosha malori ya miwa
Elimu: Darasa la kumi, nusu. Nusu yenyewe niliipasua vizuri.
Makazi: Walkerston, kwa shangazi yangu
Mwandishi wa maelezo: Sajini Lorna Tippett

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili timamu na sijalewa. Sajini ameniambia niseme yale tu niliyoyaona na kuyasikia, na amenionya mara mbili niache utani. Nimemwelewa.

Doris Micallef, aliye mahabusu hapa kituoni, ni shangazi yangu. Amenilea tangu nikiwa na miaka sita. Anaendesha basi la shule. Najua, na Sajini anajua, kwamba akishtakiwa kwa kumfungia mtu atanyang'anywa kibali cha kufanya kazi na watoto, na basi hataligusa tena. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, bila kuitwa, nikiwa bado na ndala hizi hizi za bandani kwetu.

Mtu anayedaiwa kufungiwa ni Wendell Strachan, muuza rangi. Yeye, shangazi na mimi ndio chama cha mashabiki wa tamthilia ya Mkia wa Kimondo hapa mjini. Zamani tulikuwa wengi, ila msimu wa nne ulitutawanya. Tamthilia inahusu meli ya anga iliyopotea njia. Sajini amesema hajawahi kuitazama. Nimempa pole.

Ugomvi wao ni wa mlango. Katika msimu wa tatu, fundi Tobb anafungiwa kwenye chumba cha adhabu ambacho mlango wake hufunguliwa kwa nje tu. Hewa inamwishia, anakufa. Shangazi alilia wiki nzima, hata kwenye usukani. Halafu msimu wa tano, msaliti mmoja anafungiwa chumba kile kile, anachomoa kijiko, anaufungua mlango kwa ndani, anaondoka zake. Wendell husema mlango ulibadilishwa meli ilipotengenezwa. Shangazi husema waandishi walisahau, na kwamba kama mlango ule unafunguka kwa kijiko, basi Tobb alikufa bure.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Novemba, saa nane mchana, tulikuwa bandani nyuma ya nyumba tukila soseji na mkate. Wendell akaanza tena.

"Doris, ilitengenezwa meli nzima. Mlango si sehemu ya meli?"

"Ilitengenezwa injini, wewe! Nani alitaja mlango?"

"Kwani kila bawaba mpya mpaka utangaziwe?"

"Wendell, usinitanie na marehemu."

"Marehemu gani, mama? Yule mwigizaji sasa anatangaza magodoro!"

Shangazi akaweka soseji chini. Nikajua leo kuna kazi.

Katika chama chetu hoja haishindi kwa mdomo. Lazima ichezwe. Kila mmoja anachukua nafasi ya mhusika, mmoja anakuwa hakimu, na atakayetoka kwenye nafasi yake kabla hakimu hajatamka uamuzi, ameshindwa. Hakimu siku zote ni mimi, kwa sababu wale wawili hawaaminiani, na kwa sababu hakuna mtu Walkerston nzima anayeijua tamthilia hii kunizidi. Hilo si utani, Sajini aliandike.

Chumba cha adhabu kimo humo bandani. Shangazi alikijenga mwenyewe kwa mbao, na mlango aliutoa kwenye chumba baridi cha bucha lililofungwa. Mpini uko nje tu, kama msimu wa tatu. Wendell aliingia kwa miguu yake na kijiko cha supu. Alisema, "Funga." Shangazi akafunga. Wendell akaanza kukwaruza kwa kijiko, na huku anasema maneno ya mfungwa, kwa sababu ndiyo sheria.

Alipiga kelele, "Nifungueni! Imebaki hewa ya pumzi tatu!"

Shangazi, ambaye alikuwa Kapteni, akajibu, "Utabaki humo mpaka ukiri!"

Walirudia hivyo kwa muda mrefu, maana kijiko kilikuwa hakifanyi kitu, na Wendell ana mapafu mazuri kwa mtu wa pumzi tatu. Jirani yetu mpya, Bwana Keogh, ndiye aliyepiga simu. Simlaumu. Angekuwa mwenyeji angeongeza sauti ya redio tu, kama wenzake.

Saa tisa na robo aliingia Konstebo Abernethy. Haya ndiyo maneno yaliyosemwa, nami niliyasikia yote.

Konstebo: "Mama, kuna mtu humo ndani?"

Shangazi: "Yumo mfungwa wangu."

Konstebo: "Umemfungia wewe?"

Shangazi: "Nimemhukumu mwenyewe."

Konstebo: "Kwa mamlaka ya nani?"

Shangazi: "Humu mamlaka ni mimi."

Alikuwa ananitazama mimi, si Konstebo. Alikuwa anangoja nitamke uamuzi ili aweze kusema kama mtu wa kawaida. Nilikuwa na soseji mdomoni. Nilipoimeza na kusema, "Uamuzi!", pingu zilikuwa zimeshalia.

Konstebo akaufungua mlango. Wendell akasema, "Funga! Sijamaliza!" Konstebo akamwambia, "Uko salama sasa, bwana." Wendell akauvuta mlango akajifungia tena. Ukafunguliwa tena, akajifungia tena. Konstebo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watu waliotekwa huwa hivyo, humpenda aliyewateka. Nikamwambia Wendell hampendi shangazi, anampenda msimu wa tano. Akaniambia nikae mbali.

Jambo ambalo Konstebo hakunipa nafasi ya kumwambia ni hili. Chumba kile hakina ukuta wa nyuma. Mbao ziliisha. Nyuma kuna pazia la bafuni lililochorwa nyota. Hewa ni tele, kuku wa jirani huingia na kutoka. Wendell angetaka kwenda nyumbani angepita hapo na kijiko chake.

Shangazi alipokuwa anaingizwa kwenye gari hakuwa Kapteni tena. Aliniambia, "Dane, Jumatatu watoto wa barabara ya kiwandani nani atawachukua?" Nikatoka bandani moja kwa moja kuja hapa.

Kama itasaidia Wendell atoke akaseme ukweli, basi Sajini aandike kwamba mimi, hakimu, nimempa Wendell ushindi. Mlango ulibadilishwa. Waandishi hawakusahau kitu. Siamini hata neno moja la hayo, lakini iandikwe. Ila naomba shangazi asisomewe sehemu hii.

Nimesema niliyoyaona, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi: D. Micallef

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye akakubali ni sahihi. Kwa simu, Konstebo Abernethy, aliyerudi eneo la tukio, amethibitisha kuwa chumba hakina ukuta wa nyuma. Bi. Doris Micallef ameachiliwa bila shtaka, na kibali chake cha kazi hakijaguswa. Sehemu ya uamuzi haikusomwa mbele yake. Bw. Strachan bado yumo chumbani kwa hiari yake. Anakataa kupita nyuma akidai kuwa huko ni angani. Konstebo alizunguka, akapita kwenye pazia ili amtoe. Bw. Strachan amemwarifu kwamba, kwa kuwa yeye Konstebo hakuvaa vazi la anga, ameshakufa.

L. Tippett, Sajini