Seva yenye jina ya nkambo

Siku ya ine, mangaribi

Patron wa kazi alicheka. Mi sikucheka.

Ni mi mwenyewe nilikosa. Nilikuwa naandika notisi, ile maelezo ya kutumia chombo chetu ya kompyuta, yenye kuonyesha ba-agent, zile programu za IA, akili ya mashini, zenye kufanya kazi zenyewe, namna ya kuomba liste ya baseva yetu yote. Ilihitaji mufano. Nikatafuta jina ya seva yenye haiko, nikaweka Mwilambwe.

Ile ni jina ya nkambo, baba ya mama, mutu wa reli ya Sakania. Tangu alikufa, hakuna mutoto wa familia alipewa jina yake. Mama anasemaka nkambo angali anangojea kuitwa tena.

Leo niliomba agent liste. Tuko na baseva ine. Ilileta tano. Ya mwisho: Mwilambwe, inatumika.

"Agent ilisoma mufano yako, ikazani seva inakosekana, ikaiunda," patron alisema. "Uiondoe."

Najua, njo vile. Lakini nikapigia mama simu, kule Katuba, nikamuelezea yote.

"Ulimuita, naye aliitika. Sasa unamufukuza aende wapi?"

Nikarudia ku ordinateur, ile kompyuta ya kazi, nikaamuru agent iondoe ile seva. Ikauliza: "Niondoe Mwilambwe? Ndiyo ao hapana?"

Nikaandika hapana. Mukono yangu ingine ilikuwa juu ya tumbo.

Kesho patron ataniuliza sababu. Hata mama bado hajui kama niko na mimba ya miezi mbili.