Karatasi ya Buluu kwenye Dungu la Komora

Jumatatu, 8 Julai 1957
Wamehudhuria wote. Chaki zimebaki vipande. Mbu hawasemeki tangu mto uingie kwenye mpunga. Hadija binti Komora amekuja amejifunika gubigubi kaniki, ile nguo nyeusi ya mamake, macho kayafinya. Ni zeruzeru, wa pekee kijijini. Mdomo wa chini una kidonda kidogo ambacho hakijapona tangu niletwe hapa kutoka Kipini. Nimemhamishia mbele, karibu na ubao, mbali na dirisha. Ndiye mwenye akili kuliko wote, na sisemi hivyo kwa kumhurumia.

Jumanne, 9 Julai
Komora, babake Hadija, amekuja shuleni. Anataka kumtoa. Jua linamla mtoto, asema. Njiani linamla, shambani linamla. Msimu huu kila nyumba ina mtoto juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya mpunga, anawatupia ndege udongo kwa kombeo. Komora hana mtoto mwingine. Asubuhi mama ndiye huwinga ndege. Baada ya shule na Jumamosi kutwa ni zamu ya Hadija.

Tumeafikiana hivi. Nikimwonyesha kabla ya mavuno namna ya mtoto kukaa nje asiungue, atabaki shule. Nikishindwa, atakaa ndani ya nyumba mchana kutwa, maisha yake yote. Nimekubali kwa kishindo. Nimejiamini mno, najijua.

Alhamisi, 11 Julai
Somo la jua. Nimewaeleza nilichojifunza chuoni: katika jua mna mwanga ambao jicho halioni, na ndio unaochoma ngozi. Hawakuamini. Nami sikutaka waamini tu, nilitaka wachunguze. Karatasi ya buluu ya kufungia sukari hupauka juani. Kila mtoto kapewa kipande. Nusu imebaki kabatini kwangu, nusu akaiweke apendapo na aifunike kwa atakacho. Wengine mkeka, wengine kaniki, wengine kitambaa cha marekani nyeupe. Wengine wameziacha humu darasani. Hadija kaipeleka dunguni, chini ya kile kipaa cha makuti. Sijapata kuwaona na hamu namna hii.

Jumanne, 16 Julai
Tumelinganisha. Za juani zimekuwa nyeupe kabisa. Chini ya marekani zimepauka kiasi. Chini ya mkeka na kaniki, buluu vilevile. Za kivulini humu darasani, buluu vilevile. Watoto walipiga makofi.

Ya Hadija imepauka. Nikamwambia upepo uliipeperusha juani. Akasema, "La, mwalimu, niliifunga na uzi." Nikamwambia basi uzi ulilegea. Mbele ya jina lake nikaandika: imeharibika. Nilitaka jibu moja safi la kumpelekea babake. Wote wameandika daftarini: Kivuli kinatosha.

Jumatano, 17 Julai
Kwa Komora jioni, na karatasi mkononi. Akazigeuzageuza.

"Mwalimu, mimi kitabu sijui. Sema tu wewe. Kivuli inatosha ama haitoshi?"

Nikasema kinatosha. Alifurahi hata akanishika mikono yote miwili. Kaniki humtesa mtoto kwa joto, na haiwezekani kulizungusha kombeo ukiwa umefungwa kama mzigo. Kesho atapanua kipaa cha dungu. Mama aliikunja kaniki polepole akaiweka kando.

Jumamosi, 20 Julai
Nimepita na mtumbwi kando ya shamba. Hadija yuko dunguni, mikono wazi, kichwa wazi, chini ya makuti mapya. Anazungusha kombeo na kupiga kelele kuwashinda watoto wa madungu mengine. Sikujua kama ana sauti ile. Nimefurahi siku nzima.

Jumatatu, 22 Julai
Hadija mwekundu usoni na mikononi. Nimemuuliza alitoka kivulini? Hakutoka. Nimemuuliza tena, kwa ukali. Hakutoka. Nimemwambia akae katikati ya dungu, asisogee ukingoni. Sikumwamini. Mtoto ni mtoto, nilijisemea.

Alhamisi, 25 Julai
Hayupo.

Ijumaa, 26 Julai
Hayupo tena. Nimekwenda kwao baada ya shule. Malengelenge mikononi, shingoni, chini ya kidevu. Jicho moja limevimba hadi limefumba. Kidonda cha mdomo kimepanuka, kinatoa maji. Ana homa. Mamake anampaka ute wa shubiri, hakuniangalia. Komora ameniapia kwamba mtoto hakutoka kivulini hata mara moja. Alimlinda yeye mwenyewe toka ukingo wa shamba.

Chini ya kidevu. Jua lilifikaje chini ya kidevu?

Jumamosi, 27 Julai
Nimepanda dunguni mwenyewe. Nimekaa. Juu makuti, pande zote nne wazi. Mbingu nyeupe imenizunguka. Chini mpunga umesimama majini, na yale maji yananirudishia mwanga usoni, hata makuti yanametameta kwa ndani. Darasani kuna kuta za udongo na dirisha moja. Kivuli cha kule na cha huku nilivihesabu kuwa kimoja. Mjinga mimi. Nimefunga karatasi nne kwa uzi, moja nikaielekeza chini.

Jumanne, 30 Julai
Zote nne zimepauka. Hata ile iliyotazama chini. Hadija alisema kweli, na kweli yake niliishika mkononi siku kadhaa kabla hajaungua, tena nikamsahihisha.

Alhamisi, 1 Agosti
Mpaji dawa wa zahanati ya Garsen kamwona. Homa imeshuka. Jicho litafunguka, asema, ila mdomo hana dawa yake. Apelekwe hospitali ya Lamu maji yakipungua. Yatapungua lini, hajui.

Nimemwambia Komora yote. Kwamba kosa ni langu. Kwamba kaniki ilikuwa inamkinga. Kwamba angalau arudi shule amejifunika kama zamani. Nilitaka anitukane. Alininawisha mikono, akaniwekea ugali na samaki.

"Wewe hapana kosa, mwalimu. Mungu ameumba yeye hivi. Lakini jua sasa basi."

Dirisha la chumba chake limezibwa kwa mkeka. Humo ndani hata mimi sikuona vidole vyangu. Hadija aliuliza kutoka gizani kama ile karatasi yake ninayo bado. Nilikwishaitupa. Nikamwambia ninayo. Nimemdanganya, na hilo nalo nitakaa nalo.

Ijumaa, 2 Agosti
Mvua kidogo asubuhi. Nimewaambia darasa kwamba niliwafundisha uongo. Kivuli cha dungu hakitoshi, na Hadija aliligundua hilo kabla yangu. Kisha mmoja akasema Hadija alitoka kivulini, kila mtu ajua. Wenzake wakaitikia. Mwingine akasema alimwona kwa macho yake, ilhali dungu lao liko ng'ambo ya mto.

Nikasema hakutoka. Niliyekosea ni mimi.

Nikawaambia wafungue daftari, wakate ile sentensi: Kivuli kinatosha. Wakaikata wote, kwa rula, vizuri. Nikangoja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini.

Tukaendelea na hesabu.