Godoro

Shoga, nimetoka hospitali na dada sasa hivi.

Miaka sita anaumwa chini ya kitovu, wanampima amelala, wanasema hana kitu. Leo mpimaji kamwambia, "Simama." Kusimama tu, mishipa ya damu ikajaa kwenye skrini ya ultrasound, minene kama minyoo.

Daktari akasema, "Ukisimama damu inatuama huku chini. Ukilala unapata nafuu. Tutaiziba mishipa kwa mrija mwembamba, hupasuliwi."

Ukilala unapata nafuu. Na ni kwa kulala huko mama mkwe wake anamwita Godoro mbele ya wageni.

Dada akampigia mumewe palepale, analia kwa furaha, spika iko wazi. Akamweleza alivyosema daktari. Halafu tukamsikia mume akiita, "Mama, njoo usikie. Godoro kapewa cheti cha kulala."