Makofi ya Akoru

Abul, Erupe hayuko tena. Amekufa leo!

Akoru mwenyewe ndiye alimtoa kaka yake kliniki ya Kakuma. Walikuwa wanamwachisha changaa polepole, kwa dawa. Nesi alimwambia kabisa, akikatiwa pombe ghafla anaweza kufa.

Akoru akaona wanachelewa. Akampeleka Lodwar kwa maombi, aache siku moja. Siku moja, Abul!

Siku ya tatu Erupe akaanguka, anatetemeka, povu mdomoni. Mchungaji akasema, "Pepo linatoka! Pigeni makofi!"

Wakapiga. Akoru akapiga kuliko wote, analia kwa furaha.

Erupe akatulia. Akoru akainama, akamfuta povu. "Erupe, umepona. Amka basi."

Umepona, anamwambia!

Saa hii amekataa kutoka hapo. Kila anayeingia anamwonyesha viganja: "Ona, bado vinauma."