Tarumbeta Lako na Sentensi Niliyoiruka

Papa wangu,

Miaka tisa sijakuandikia, na wewe hukuwa mtu wa kusoma barua. Ulikuwa unanipa mimi nizisome, za shule, za hospitali, za mwenye nyumba. "Mdomo yangu iko wapi?" ulikuwa unauliza, ukimaanisha mimi, nami natoka chumbani naburuta miguu, nimenuna. Donc, basi, hii nayo nakusomea. Naiandika wazi, mbele ya watu wote wa kanisa letu la Louisville, kwa sababu siku ya mazishi yako walimnyooshea kidole mtu asiye na kosa, na mimi niliyejua nikanyamaza.

Mtu huyo ni Glen. Mlifanya naye kazi kwenye mashine moja kiwandani, na yeye ndiye aliyekutia hamu ya kuwinda bata mzinga. Ulikuwa umeacha ng'ombe zako milimani Kivu, ukaja kukunja maboksi. Siku aliyokupeleka msituni mara ya kwanza ulirudi na matope mpaka magotini, unacheka peke yako. "Kule hakuna mtu anakuuliza Kiingereza," ulimwambia Mama.

Nalikumbuka duka, Papa. Jumamosi, wewe, Glen na mimi mtafsiri wenu. Mzee muuzaji alitandaza kitambaa juu ya meza, akapanga vifaa vya kumwitia ndege. Glen alitaka uchukue kisanduku cha kukwaruza, maana hicho hata mtoto anakiweza. Wewe mkono ukaenda kwenye matarumbeta, vile vijiti vyembamba vya urefu wa kiganja, mdomo mwembamba mbele, mti uliotanuka mwishoni. Ukashika moja, ukavimbisha mashavu, ukapuliza kwa nguvu zako zote. Pfff! Wanaume wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao.

Muuzaji akasema halipulizwi, linafyonzwa. Nikakutafsiria. Ukasimama hivi, ukaniangalia.

"Aah! Kama kuita ndama!"

Basi ukakaza midomo na kuvuta hewa ndani, kidogo kidogo, kama ulivyokuwa unafanya na ndama kwetu, na kile kijiti kikalia. Wanaume wakaacha kucheka. Ukajaribu yote matano. La mdomo mpana lilikumaliza pumzi. La plastiki ulisema linalia kama mlango. La pembe lilikuwa tamu, ila sauti ilipasuka mwishoni. Ukachagua lile la mti wa mcheri, lenye mdomo wa mfupa wa bawa la bata mzinga mwenyewe, kwa sababu lilianza juu likashuka bila kujikwaa. Ukalifunika kwa viganja viwili, ukawa unafungua na kufunga, sauti inakuja karibu, inakwenda mbali. "Mwambie baba yako huyo ni jike kabisa, dume lazima atakuja," mzee alisema. Ulifurahi wiki nzima.

Nyumbani hukutupa amani. Kila ukitoka kazini, tarumbeta. Mama alipiga kelele kutoka jikoni: "Ulinileta Amerika nisikilize kuku? Oa huyo ndege basi!" Nawe unamjibu kwa tarumbeta, anashindwa, anacheka.

Bon. Sasa nifike pale.

Kabla ya kupewa kibali ulitakiwa kujua kijitabu cha usalama, na kilikuwa cha Kiingereza kitupu. Tulikaa mezani jioni tatu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na jioni ya tatu marafiki zangu walikuwa nje kwenye gari wanapiga honi. Tulikuwa tumefika ukurasa wa namna ya kukaa ukiita: uegemee mti mpana, uvae rangi za majani, usinyanyue mkono, ndege anaona sana. Chini yake kulikuwa na sentensi ndefu. Niliisoma kwa macho, Papa. Niliielewa. Ilisema ukiona mwindaji mwingine anakukaribia, usimpungie mkono, usipige tarumbeta, sema kwa sauti kubwa ili ajue wewe ni mtu.

Honi ikapigwa tena. Nikafunga kitabu.

"Inasema nini pale chini?" ukaniuliza.

"Kaa kimya, usitikisike. Ni hayo tu, Papa."

Uso wako ukafunguka. "Hiyo nilishaijua tangu kwetu," ulisema. "Hiyo ndiyo ilituponya."

Nilijua unasema nini. Mara mia ulikuwa umetusimulia jinsi mlivyolala ndani ya mianzi, wenye bunduki wanapita karibu mpaka mnasikia wanavyopumua, bibi, mama yako, ameziba kinywa chako kwa kiganja. Wewe hukuwahi kuona mtu mwenye bunduki ukapaza sauti. Mtu mmoja tu angeweza kukuambia kwamba huku ni kinyume, na mtu huyo alikuwa anavaa viatu akimbilie gari. Glen aliniuliza kesho yake, kwenye simu, kama tumemaliza kitabu chote. Nikasema ndiyo, chote.

Asubuhi ile ya Aprili Glen alikaa hatua thelathini kutoka kwako. Aliniambia uliita vizuri kuliko siku zote. Mwindaji mwingine, mtu msiyemjua, alikusikia toka ng'ambo ya kijito, akaamini ni ndege, akaanza kunyata. Glen hakumwona. Alichoona ni kichwa chako kimegeuka, unatazama sehemu moja muda mrefu, kisha unashusha tarumbeta polepole na kuganda. Alidhani ndege anakuja. Yule mtu naye aliona kitu kinashuka kwenye majani, akapiga risasi.

Kwenye mazishi Glen alinishika bega, analia mbele za watu. "Alimwona. Nakuapia alimwona. Kwa nini hakupiga kelele?"

Nikasema sijui.

Mama alimkataza asiguse jeneza. Alisema, na kanisa zima likasikia, kwamba mzungu huyu alimchukua mume wake bila kumfundisha. Nikaambiwa nimtafsirie Glen, na hiyo niliitafsiri vizuri sana. Hakuruka hata neno, huyu binti yako. Aibu yangu, Papa! Inanichoma mpaka leo.

Sasa naishi Whitehall, Columbus, na kazi yangu ni kutafsiri kwenye kliniki. Wenzangu wananitania kwamba natafsiri mpaka kikohozi cha mgonjwa. Daktari anakasirika, anasema fupisha. Sifupishi. Wanadhani ni bidii.

Mwezi uliopita Glen alinitumia kifurushi. Anaumwa, anagawa vitu vyake. Ndani lilikuwa tarumbeta lako, ambalo polisi walimrudishia yeye kwa kuwa Mama alilikataa. Nilijaribu kulifyonza, likatoa sauti mbaya, nikalia kwenye sakafu ya jikoni. Kesho yake nikaendesha gari mpaka Cheektowaga, kando ya Buffalo, ambako Mama anaishi na mama mdogo. Nililiweka mezani mbele yake, nikamwambia kila kitu, na marafiki, na honi.

Hakupiga kelele. Aliniambia: "Hiyo sentensi. Iseme."

Nikaisema.

"Rudia."

Nikarudia. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ule mfupa.

"Angepaza sauti," akasema. "Kila kitu ulichomwambia papa yako, alikifanya."

Nilitaka aniambie usingeweza, kwamba hofu ya kule ilikuwa imekukaa mwilini. Hakuniambia. Nami sitamlazimisha.

Kisha akasema nimpigie Glen. Nikaweka simu mezani. Sauti ya Glen ilikuwa imechoka sana. Mama akajisogeza karibu, akanitazama usoni. "Tafsiri yote," akasema. "Usiruke kitu." Akazungumza polepole, akisimama kila mara anisubiri.

Nikamwambia Glen kwa Kiingereza: Mama anasema, "Nilikukosea miaka tisa." Mama anasema, "Kosa halikuwa lako." Mama anasema, "Kosa ni la binti yangu, huyu anayesema na wewe sasa hivi."

Papa, lala. Safari hii nimesema yote.

Ni mimi,
mdomo yako