Pua Juu, Pua Chini

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Ndosho

Leo tumegombana na Papa juu ya matundu mawili. Matundu mawili tu! Miaka tisa anajenga ndege hii katika atelier, karakana yetu, imebaki wiki moja tuipakie kwenye gari, na sisi tunapigiana kelele mpaka jirani anachungulia.

Ni vipimo vya trim. Nyuma ya mkia kuna kibawa kidogo kinachosogezwa na mota. Rubani anabonyeza kitufe, kibawa kinasogea, pua ya ndege inapanda au inashuka, mkono wake hauchoki. Kipimo ni mstari wa taa ndogo unaomwonyesha kibawa kimefika wapi. Kimoja cha pua, kingine cha mabawa. Papa anavitaka chini, karibu na goti, pale alipochora kwa penseli zamani. Mimi navitaka juu kushoto, pembeni ya kipimo cha mwendo.

Amesema rubani haangalii trim kila saa. Nimesema siku akiiangalia, ataiangalia kwa haraka. Akanikumbusha kwamba alikuwa mekanisia wa ndege kabla mimi sijazaliwa. Kweli. Lakini électricienne, fundi wa umeme, ni nani hapa? Nani anavuta waya?

Tumefunga atelier bila kutoboa kitu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekata tablo ya kartoni, mfano wa ubao wa mbele ya rubani, nikachora vipimo vyote kwa ukubwa wake, nikaifunga mbele ya kiti. Nikakaa. Pale chini usukani unaficha taa zote. Nikamwita Papa akae aone mwenyewe.

Alikaa. Halafu: "Weka kule unapenda, Deborah."

Basi? Papa yangu, ambaye alibishana mwaka mzima juu ya rangi ya viti? Sikuuliza, nisije nikaharibu.

Nimetoboa mchana. Tundu la kwanza safi. La pili — tupa imeteleza, imeacha mkwaruzo kama wa ukucha. Papa alipitisha uso karibu kabisa na hakusema neno. Na mimi sikumwonyesha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Waya. Kila mota ina tano, nyembamba kama uzi wa kushonea. Mbili nyeupe ni za kuzungusha mota. Zile za rangi — machungwa, bluu, kijani — zinapeleka habari kwenye taa. Nyeupe zote mbili ni sawasawa, hakuna alama. Ukizigeuza, mota inazunguka kinyume.

Asubuhi nilizipitisha pamoja na waya wa redio. Nikajaribu kuongea redioni — taa za trim zikacheza kama za baa! Nimezitoa zote, nimezipitisha upande wa pili, nimefunga upya. Saa sita za kazi. Vidole vinauma.

Lakini zinawaka. Nabonyeza juu, taa zinapanda. Nabonyeza chini, zinashuka. Nzuri!

Jumamosi, 11 Oktoba

Ukaguzi wa mwisho. Mimi kwenye kiti, Papa mkiani. Nikabonyeza pua juu, nikasikia mota inalia. "Iko sawa!" Pua chini. "Iko sawa!"

Ameweka sahihi kwenye karatasi. Mama yangu Miriam amesali, ameshika pua ya ndege kama anashika mutoto mwenye homa. Tumeondoa mabawa. Jumatatu tunaondoka.

Kiwanja cha ndege cha hapa kimefungwa na vita tangu Januari, kwa hiyo itaruka kwanza ng'ambo ya mpaka wa Bunagana, kwenye kiwanja kidogo cha majani upande wa Uganda. Rubani ni Rodrigue Murhula. Papa alimtengenezea ndege miaka mingi. Ana siku moja tu ya kupumzika kazini: Jumatano.

Jumatatu, 13 Oktoba. Bunagana

Niandike kwa utaratibu.

Tumetoka asubuhi na Fuso ya Prodige, ndege chini ya bâche, turubai zito, mabawa yamelazwa kwenye magodoro. Prodige anaendesha polepole, hata mawe ya barabara anayaomba ruhusa. Mpakani tumefika saa nane.

Mutu wa douane, wa forodha, anaitwa Havugimana, mwembamba, sauti ya chini. Ameuliza tumebeba nini. Nimesema ndege. Askari wanne waliokuwa kivulini wamesimama wote. Mmoja ameinua bâche kwa mdomo wa bunduki.

"Ndege ya kupiga watu?"

Papa ameanza kueleza kwa Kifaransa, maneno marefu, sheria, plani, injini. Havugimana amemkata: "Muzee, nyamaza kidogo. Mama huyu atuonyeshe. Kama ni ndege, iwake."

Nimepanda. Nimewasha batri. Havugimana naye amepanda, amesimama nyuma ya bega langu, anauliza kila kipimo. Hiki? Mwendo. Hiki? Mafuta. Amefika kwenye trim. Nimemweleza. Amemwambia askari mmoja akaangalie mkiani.

"Bonyeza."

Nimebonyeza pua juu. Taa zimepanda vizuri. Askari amepiga kelele kutoka nyuma: "Kinapanda!"

Havugimana amecheka. "Ah. Juu ni juu. Hata mimi naelewa."

Mimi nimeondoa kidole kwenye kitufe.

Kwa sababu hakipaswi kupanda! Kibawa kile kikishuka ndipo upepo unainua bapa linalokishika, bapa linasukuma mkia chini na pua inapanda. Kikipanda, pua inashuka. Ni kinyume, na Papa mwenyewe alinifundisha. Nimefunga mota kinyume, na taa nimezifunga kinyume vilevile, kwa hiyo zinaifuata mota na kuisifia. Rodrigue angeruka, angebonyeza pua juu, taa zingemwambia ndiyo, na ndege ingemsukuma ardhini.

Kusema pale? Bunduki nne. Nimezima batri.

Wamefunga bâche kwa mihuri ya douane: hakuna kufungua mpaka ng'ambo. Papa alikuwa amekaa juu ya jiwe, mita tatu tu kutoka mkiani. "Kinapanda" ameisikia kama mimi. Hakusogea.

Jumanne, 14 Oktoba. Bado Bunagana, tunangoja karatasi

Chai asubuhi. Prodige ameenda kuangalia tairi. Nimemwuliza Papa kama alimsikia yule askari.

"Nilimusikia."

"Jumamosi ulisema iko sawa, Papa."

Amezungusha kikombe muda mrefu. "Niliona kitu kinatembea. Upande gani, sikuona."

Jicho lake la kuume halioni tangu Pasaka. La kushoto lina ukungu, na ukungu unazidi. Hajamwambia Mama. Hajamwambia mutu. Alikubali taa zikae kule juu kwa sababu juu au chini, yeye hazioni.

Nilitaka kulia, nikakasirika. Kosa la waya ni langu, langu kabisa! Lakini kuna mambo mengine. Nimemwuliza ni nini alichokifunga na kukikagua peke yake tangu Pasaka. Amehesabu: mabomba ya mafuta. Kebo za usukani. Nati zote za mkia.

"Ulizikagua namna gani?"

"Kwa vidole."

Vidole!

"Vidole vyangu vinajua, Deborah. Miaka makumi tatu." Halafu sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Usimwambie Rodrigue. Akijua, hapandi. Na mimi sitapata mwaka mwingine wa kuiona ikiruka. Naona bado kidogo. Nataka kuiona."

Karatasi zimetoka saa tano. Tunavuka.

Jumanne hiyohiyo, saa kumi na moja jioni. Kiwanjani

Nimegeuza waya mbili nyeupe. Nimegeuza ya machungwa na ya kijani. Prodige amekaa kwenye kiti, mimi mkiani, macho yangu mwenyewe. Pua juu: kibawa kinashuka. Nimempigisha kitufe mara kumi na mbili mpaka akaniuliza kama niko muzima. Kisha nimekaa mimi, yeye mkiani. Taa zinasema ukweli.

Kisha nikaanza nati za mkia, moja moja. Kila moja ina goupille, kipini cha chuma kinachozuia nati isifunguke. Ya saba haina. Tundu tupu.

Nimeweka goupille. Nimemaliza mkia. Mabawa tumeyarudisha. Mabomba na kebo zinapita chini ya sakafu na nyuma ya viti — kufungua huko ni kazi ya siku mbili.

Jumatano, 15 Oktoba. Kiwanjani

Upepo kidogo, mbingu safi. Rodrigue amefika saa mbili, amemkumbatia Papa, amemwita papa. Amekaa, amejaribu trim, amesifu taa: hapo juu anaziona bila kuinamisha kichwa. Nimefurahi sekunde moja.

Halafu ameuliza nani alikagua mwisho.

"Mimi," Papa amesema.

"Basi inatosha, muzee." Hata karatasi hakuisoma! Ameanza kuzunguka ndege, anagusa kila kitu, anapiga mluzi.

Nimemvuta Papa nyuma ya Fuso. Nimemwambia juu ya nati ya saba. Hakuwa anajua. Amesimama na mikono yake mbele, imefunguka, kama mutu aliyepokonywa sahani.

"Ya saba ni ya kuume," amesema.

"Ndiyo, Papa."

"Niliishika. Nilisema iko."

"Haikuwa."

Nimemwambia tunaweza kungoja siku mbili, tufungue sakafu. Amesema Rodrigue hana siku mbili. Nimesema atapata likizo nyingine. Amesema yeye hatapata jicho lingine. Lakini hakunikataza tena kumwambia Rodrigue.

Amerudi peke yake, anafuata ukingo wa bawa kwa kiganja mpaka mwisho. Mimi nimebaki hapa, nyuma ya tairi la Fuso, naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitabaki na neno moja tu mdomoni: simama.

Rodrigue amemaliza kuzunguka. Amepanda. Anafunga mkanda. Prodige ameondoa mawe mbele ya magurudumu.

Papa amegeuza uso kunitafuta. Ananiangalia — hapana. Anaangalia mlango wa Fuso, pale nilipokuwa nimesimama mwanzo. Anaupungia mkono.

Naweka kalamu. Rodrigue ameshika ufunguo.